Kadi Iliyolala Kifudifudi

Dada yangu alianza kutokuwepo siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapiga chapa kadi tatu.

Kila siku tulikuwa tukitoka nyumbani pamoja. Siku hiyo aliniambia, "Tangulia, nakuja nyuma yako. Kifua kinanibana kidogo, nikinywa maji ya moto kitaachia." Nikatangulia. Katika miaka kumi na minne ya kufanya kazi chumba kimoja, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufika kabla yake, na nilipoingia Mwalimu alisema, "Leo mkia umetangulia kichwa." Nikacheka. Saa tatu na robo simu ikalia ofisini kwa Mzee Kifutio, naye akatokea mlangoni ameshika miwani mkononi. Mtu yule havui miwani hata akinawa uso. Nilijua kabla hajafungua kinywa.

Sitaandika habari za hospitali wala za maziko. Waliokuwepo wanazijua, na wasiokuwepo hazitawafaa. Nataka kuandika habari za kadi yake ya mwisho, kwa sababu naona siku zinavyokwenda, na sitaki nije kukumbuka kwamba ilipita huku nimesahau ilipitaje.

Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu. Mtambo wa chini ukiwashwa, chai hutetemeka vikombeni. Kazi yetu ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na kila neno lina kadi yake ndani ya droo za mbao, droo moja kwa herufi moja. Tulikuwa wanne. Dada na Mwalimu, ambaye alistaafu ualimu lakini ualimu haukumstaafu, waliandika kadi kwa mkono. Mimi nilizipiga chapa kwenye kompyuta. Mzee Kifutio ndiye mhariri mkuu, na jina hilo hatumwiti mbele yake. Ana kifutio kikubwa cha mpira kilichofungwa kwa uzi shingoni, kama wengine wanavyofunga funguo.

Mimi niliishia kidato cha nne. Dada naye aliishia hapo hapo, ila yeye aliendelea kusoma kana kwamba hakuna aliyemwambia shule imefungwa. Pale kazini mimi nilikuwa Mdogo, kwa sababu nilikuwa mdogo wake. Siku moja mgeni kutoka kiwandani akasikia dada anaitwa Bi Mkubwa na mimi Bi Mdogo, akauliza kwa adabu kama sisi ni wake wenza wa mzee. Dada hakuinua hata kichwa. "Wake wenza tumekuwa," alisema, "lakini mume wetu ni kamusi. Hali, hanywi, wala hajawahi kutununulia hata kanga."

Sheria za chumba zimebandikwa ukutani, nazo ni tatu tu. Ya kwanza, kila Alhamisi saa nne kadi husomwa, na msomaji husimama huku wenzake wamekaa. Ya pili, kadi husimamiwa na anayeweza kuijibia. Ya tatu, asili ya neno lazima iwe na shahidi. Shahidi ni kikaratasi kilichonakiliwa kwa mkono kutoka kitabu cha zamani, chenye namba ya ukurasa. Asili isiyo na shahidi hufutwa, na kadi yake hutiwa kwenye bati la biskuti tunaloliita rumande. Zipo zilizotoka rumande. Nyingi hazikutoka.

Katika hizo sheria, hakuna aliyekuwa mkali kama dada. Nakumbuka Mwalimu alileta asili ya neno moja la Kiingereza, hadithi tamu yenye wafalme na farasi ndani yake. Tulisikiliza mpaka mwisho.

"Shahidi yuko wapi?" dada akauliza.

"Niliisoma mahali."

"Mahali hapana namba ya ukurasa, Mwalimu."

"Lakini umeipenda."

"Nimeipenda sana. Nitaitembelea rumande."

Niliporudi kazini baada ya msiba, meza yake ilikuwa kama alivyoiacha Jumatatu. Kikombe, kalamu mbili, na kadi moja imelala kifudifudi. Kwetu kadi ya kifudifudi ni kadi ambayo haijakwisha. Niliigeuza. Lilikuwa neno confront.

Nilikuwa nimelisikia nyumbani wiki nzima kabla hajafariki. Alikuwa akilitafuna kama mtu anayetafuna muwa, hatemi mpaka utamu uishe. Alikuwa anaosha vyombo anasema, "Kamusi zote zinaandika 'pambana na'. Wavivu. Kupambana kuna ngumi. Hili halina ngumi, lina macho."

Kadi ilikuwa na maana nne. Ya kwanza, kusimama mbele ya mtu au kitu mkatazamana, kama nyumba inavyoikabili barabara. Ya pili, kumwendea mtu uliye na jambo naye na kulisema mbele yake, badala ya kulisema nyuma yake. Ya tatu, kumwekea mtu ushahidi mbele ya macho. Ya nne, shida au swali kumjia mtu uso kwa uso, hata kama hakuliita. Chini yake aliandika asili: Kilatini kwa njia ya Kifaransa, "pamoja" na "paji la uso". Na mstari mmoja wa mwisho: zamani lilisemwa juu ya mashamba, maana yake kupakana.

Herufi za jina lake hazikuwepo kwenye pembe. Alikuwa hatii saini kabla ya kuambatisha shahidi, na shahidi hakuwepo.

Mfano wa maana ya tatu niliusoma mara mbili. "Alimwekea mwalimu madaftari mawili mbele ya macho." Mwalimu huyo namjua. Nilipokuwa kidato cha pili nilituhumiwa kwamba nimenakili insha ya mwenzangu, na ikaamuliwa nirudishwe nyumbani. Dada hakulia, hakupiga magoti, hakuleta mtu mzima wa kumsemea. Alikuja na sare yake ya kidato cha nne, akasimama mbele ya meza ya mwalimu, akafungua daftari langu na la mwenzangu, akayaweka kando kwa kando, akasema neno moja tu: "Tazama." Makosa ya mwenzangu yalikuwa yangu yaleyale, na moja zaidi, pale aliposhindwa kusoma mwandiko wangu. Mwalimu alitazama. Nikabaki shuleni.

Basi hiyo ndiyo kadi iliyokuwa mikononi mwangu, na ilikuwa Jumanne. Kurasa za herufi C zilikuwa zimepangiwa mtambo siku ya Ijumaa. Kadi ambayo haikupita Alhamisi ingeingia rumande, na kamusi ingetoka na "kabili, pambana na", basi. Kamusi yetu haitachapwa tena maishani mwangu. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Mwalimu alikuwa ameshamtafuta shahidi. Alipekua droo ya C kadi kwa kadi, akapekua madaftari ya dada, akatikisa hata vitabu.

"Hayupo, binti yangu," alinambia. Alikuwa amesimama karibu na meza yangu akisokota ncha ya shati. "Nimezungumza na mzee. Tumeona hivi: Alhamisi tutaipitisha yote kama ilivyo. Kwa heshima ya marehemu. Sitauliza, naye hatauliza."

"Mzee amekubali?"

"Hakukataa. Alifuta meza kwa kifutio, na juu ya meza hapakuwa na kitu."

Nilimshukuru, kwa sababu alinitakia mema. Kisha nikamwambia hapana.

"Mdogo, hii ni zawadi."

"Wewe hadithi yako ya farasi aliitia rumande, na alikupenda. Leo yeye aingie kwa kuonewa huruma? Huko aliko atanicheka mpaka ashikwe na kwikwi."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitamtafuta shahidi. Nikimkosa, itaingia rumande kama za wengine."

Jumatano nilitafuta siku nzima. Nilianzia alikoishia Mwalimu nikarudi alikoanzia. Nilipata orodha ya manunuzi, tiketi ya maktaba, na kikaratasi kilichoandikwa "Mwalimu ana siku ya kuzaliwa Machi, usijifanye umesahau." Shahidi sikumpata.

Jioni mama alikuwa amekaa kitandani kwa dada, sanduku la chuma liko miguuni pake. Alitaka cheti changu cha kuzaliwa kwa ajili ya karatasi fulani za serikali.

"Sinacho, mama. Nilidhani unacho wewe."

"Mimi nitakuwa nacho vipi? Vya wote viko kwa mkubwa. Ndivyo nilivyowalea." Akafungua sanduku. Juu kabisa kilikuwa cheti cha dada, na nyuma yake, kwa mpangilio wa kuzaliwa, vya ndugu zangu wawili na changu, vimefungwa kwa uzi mweupe. Mama akafungua uzi, akanipa changu, akabaki anauviringa ule uzi kwenye kidole. "Sasa mkubwa nani?" alisema, si kwangu hasa. Kaka zetu wako mbali.

Mimi nilikuwa nakitazama kile kifurushi. Mtu aliyepanga vyeti vya nyumbani hivi, angepangaje vya kazini?

Mwalimu alikuwa ametafuta kama watu wa kamusi wote wanavyotafuta, yaani kwa herufi. Neno la C, droo ya C. Nami nilitafuta vilevile, kwa kuwa baada ya miaka kumi na minne akili inakuwa na droo. Lakini dada alikuwa akisema maneno yana koo, na ukoo hauna habari na alfabeti. Kama mashahidi wa ukoo mzima wako kwa mkubwa wao, basi neno lile halikuwa mkubwa. Mkubwa ni front, na yuko F.

Alhamisi nilifika wa kwanza. Droo ya F iko chini kabisa, na kwa kuwa tulikuwa bado C hapakuwa na mtu mwenye shughuli nayo. Mbao zilikuwa zimevimba. Nilipiga magoti, nikaivuta kwa mikono miwili, ikaja na kelele. Nyuma ya kadi ya front palikuwa na vikaratasi vinne vimefungwa kwa uzi mweupe. Juu yake, kwa mwandiko wake wa kulala upande wa kulia: "Ukoo wa paji."

Nilikaa sakafuni kidogo. Halafu nikajipangusa magoti, nikachemsha chai ya watu watatu.

Saa nne Mzee Kifutio alifungua faili. Zilisomwa kadi sita za Mwalimu, moja ikaingia rumande, naye akaisindikiza kwa macho. Kisha mzee akaivuta ile ya saba, akailaza mezani.

"Hii ni ya marehemu," alisema taratibu. "Nadhani tumekubaliana..."

"Naisimamia mimi, Mzee," nikasema, nikasimama.

Mwalimu alikuwa tayari ameinuka nusu. Akabaki hapo, hakai hasimami.

"Wewe ni mpiga chapa," mzee akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma kibao mlangoni.

"Ndiyo. Na sheria ya pili inasema kadi husimamiwa na anayeweza kuijibia. Haikusema mpiga chapa akae."

Mzee akaigeukia sheria ya pili ukutani, akaisoma, ingawa aliiandika mwenyewe.

"Mwalimu, kaa," alisema. "Unamziba." Kisha kwangu: "Haya. Mimi sitakupunguzia."

"Usinipunguzie."

Nikasoma kadi yote. Sauti yangu ilikuwa shwari, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe.

"Kwa nini si 'pambana na'?" akaanza. "Kila mtu ameandika hivyo."

"Watu wawili wanaweza kupambana bila kutazamana, Mzee. Hata kwa barua. Hata kwa wanasheria. Neno hili linataka nyuso mbili. Na mtu anaweza kulifanya akiwa mpole kabisa. Ukimwendea jirani ukamwambia, 'Yale uliyosema juu yangu nimeyasikia, nieleze,' hujapambana naye. Lakini hili umelifanya."

"Mm." Akaandika kitu kwa penseli. "Asili. Paji la uso nalikubali. Mashamba nayakataa. Mapaji na mipaka, wapi na wapi? Marehemu alikuwa mtu makini, lakini hapa aliota."

Nikafungua uzi, nikavipanga vikaratasi mbele yake, kimoja kimoja.

"Tazama," nikasema.

Mwalimu akasogeza kiti.

"Huu ni ukoo mmoja. Huyu wa kwanza, affront, ni kumtusi mtu usoni kwake, tusi halingoji ageuke. Huyu, effrontery, ni hali ya mtu asiye na paji, yaani hana mahali pa kuonea haya."

"Uso mkavu," Mwalimu akasema.

"Uso mkavu, Mwalimu, na wao walilijua hilo. Huyu wa tatu, frontier, ni mpaka wa nchi. Kaka yake neno letu, tumbo moja. Sasa Mzee utasemaje mapaji na mipaka hawajuani? Na huyu wa nne ni shahidi mwenyewe. Kilatini cha zama za kati: kuweka mipaka, kupakana. Mashamba mawili yanayogusana mapaji. Kitabu kikubwa cha maktaba, kile kisicho na jalada. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, safu ya kulia."

"Vilikuwa wapi hivi?" Mwalimu akauliza. "Nimeipindua C nzima."

"Vilikuwa F. Kwa mkubwa wao."

Mwalimu alijipiga paji la uso kwa kiganja, halafu akauangalia mkono wake, akacheka peke yake.

Mzee hakucheka. Alikishika kile kikaratasi cha nne kwa muda. "Kitabu kile nakijua," alisema. "Jalada nililing'oa mimi, miaka hiyo, kwa haraka." Akavaa koti, akakitia mfukoni, akatoka. Tulimwona dirishani akivuka barabara kwenda maktaba, kifutio kinaning'inia nje ya koti.

"Amekwenda kuhakikisha," Mwalimu akasema. "Mwandiko wa dada yako, na bado anahakikisha."

"Dada naye angekwenda, kama ingekuwa kadi yako."

"Hilo kweli. Kaa basi, unywe chai."

"Kadi haijapita. Nakaaje?"

Alirudi baada ya dakika ishirini. Akakaa, akaweka kikaratasi mezani, akakitazama.

"Safu ya kushoto," alisema.

Chini mtambo uliwashwa, vikombe vikaanza kutetemeka.

"Ukurasa ni huo, maneno ni hayo, lakini ni safu ya kushoto. Alikosea."

"Basi futa, Mzee," nikasema.

Alinitazama, kisha akakishika kifutio chake. Nilidhani mkono wangu ungetaka kumzuia, lakini haukutaka. Akafuta neno la dada polepole, akapuliza vumbi la mpira, akaandika "kushoto" juu yake kwa mwandiko wake wa herufi ndogondogo. Kosa lile lilinipa raha ambayo sijui kuieleza. Mtu aliyekosea safu alikuwa mtu kweli, alikaa kwenye kiti kigumu cha maktaba, amechoka, anataka kurudi nyumbani.

"Imebaki nafasi," mzee akaendelea. "Ukurasa una mistari tisa kwa neno hili, na hapa kuna kumi na moja. Mifano ni miwili. Chagua mmoja ufe."

"Ufe wa nyumba na barabara. Maana ya kwanza inaeleweka bila mfano. Ya tatu haieleweki bila madaftari."

"Huyo mwalimu wa madaftari alikuwa nani?" Mwalimu akauliza. "Naona kama nanyooshewa kidole."

"Hakuwa wewe. Wewe ungeshindwa kuusoma mwandiko wangu tangu mwanzo."

Hapo mzee akacheka, kidogo, puani. Akakata mstari wa nyumba, akanisogezea kadi. "Saini. Marehemu hawezi, na kadi bila herufi haishuki kwenye mtambo."

Nilichukua kalamu ya dada. Pembeni mwa kadi, mahali alipopaacha wazi, niliandika herufi zangu. Mimi na dada tumechangia jina la baba, kwa hiyo herufi moja kati ya mbili ni yake pia.

Nikakaa, nikanywa chai. Ilikuwa imepoa.

Kurasa za C zilishuka kwenye mtambo Ijumaa saa mbili asubuhi. Uzi mweupe wa mama nao umerudi kwenye sanduku, na vyeti vyote vinne viko kwangu. Meza ya dada naikalia mimi, naandika kadi za D. Anayepiga chapa sasa ni Mwalimu, kwa vidole viwili.